Kidude Kilichosema "Simsikii"

Wegesa mwanangu,

Usishtuke kukuta barua wakati tunalala nyumba moja. Tangu jana nimejaribu kuyasema kwa mdomo, na kila nikianza yanatoka mengine: umekula, umefunga begi, hilo gauni mbona hujalipiga pasi. Basi nimekaa hapa barazani, jua bado liko juu, wewe umekwenda Butiama kumuaga bibi yako, na mbele yangu mezani kimekaa kile kidude chako cha mtumbwi, matumbo yote nje. Ndiyo, nimekifungua. Usinune kwanza, soma.

Mambo ya kula vizuri, ya kufua, ya kuchagua marafiki, sitaandika. Umeyasikia tangu unaota meno, na sidhani kama huko Dodoma utaota masikio mengine ya kuyasikia upya. Nataka kukuandikia juu ya lile uliloniambia jana jioni. Ulisimama mlangoni na kidude mkononi, ukasema, "Mama, GPS imekufa. Kipokezi chenyewe ndiyo kimekufa. Siwezi kuondoka nikawaacha akina baba mdogo Bwire ziwani bila kitu. Nitaomba chuo wanisogezee mwaka mmoja." Ulisema kwa sauti ndogo, halafu ukaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mimi nikasema tutaona kesho. Ndiyo hii kesho. Basi la Dodoma ni alfajiri inayokuja, na kama kidude hakijapona wewe hupandi. Hayo ndiyo mapatano uliyoyafanya na nafsi yako bila kuniuliza.

Unakumbuka tulikotoka na hiki kitu? Ile siku mashine ya mtumbwi wetu ilipozima katikati ya maji, Bwire na vijana wake wakasukumwa na upepo mpaka mchana, simu zimewazimikia, na sisi tumesimama mwaloni, pale ufukweni, tunaangalia ziwa kama watu waliorukwa na akili. Tangu baba yako, Mungu amrehemu, atuachie ule mtumbwi, sijawahi kuogopa vile. Wake wa wale vijana walikuwa hawanitazami usoni. Mtumbwi ni wangu, waume ni wao. Waliporudi, wanavutwa na mtumbwi wa watu wengine, kila mtu alishukuru Mungu akaenda zake kulala. Wewe hukulala. Ulinifuata jikoni ukaniambia, "Mama, simu yako inajua ulipo. Mtumbwi nao unaweza kujua." Nikakuambia acha mambo ya kwenye mtandao, njoo uchambue dagaa.

Halafu hao, tukaenda Bunda, pale Nyasura, kwa Fundi Hamza, yule wa simu na redio, anayeagiza vitu Dar. Akatutolea bodi ndogo kama biskuti, juu yake imebandikwa kigae cha mraba. Ukanieleza njia nzima ya kurudi Musoma: hicho ndicho kipokezi cha GPS, kile kigae ndilo sikio lake, kinasikiliza setilaiti huko juu na kujua kilipo. Pembeni utaweka bodi ya pili yenye laini ya simu. Mtu akituma meseji "uko wapi", bodi inamuuliza kipokezi, kisha inajibu. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba umefurahi, nami sikuwa nimekuona umefurahi hivyo tangu tumzike baba yako.

Tulikijaribu hapa sebuleni. Kikasema "Natafuta." Tukala, tukasali, tukakifunika kwa kanga kisiingiwe na vumbi, bado kinatafuta. Asubuhi nikakibeba mwenyewe mpaka Bunda, na unajua nilivyokuwa nimefura. Nikamwambia Hamza kwamba ameniuzia kitu cha majalalani. Naye hakukubali kushindwa, akaapa kwamba ni kizima. Akakiwasha pale dukani kwake, kikatafuta weee, kisipate. Akachukua kingine kipya, nacho kikatafuta. Sasa na yeye akaanza kuwatukana waliomuuzia! Tukabaki watu wazima wawili tunagombana na mtu ambaye hayupo. Njaa ikatutoa, tukaenda kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, Hamza amekishika mkononi pamoja na betri yake, hakutaka hata kukizima. Hatujafika, taa yake ndogo ikaanza kupiga, kimeshika setilaiti. Tukasimama katikati ya barabara, bodaboda wanatupigia honi, tunakitazama. Ulipopigiwa simu ulicheka mpaka nikakata. "Mama, kumbe wote tulikuwa chini ya bati! Setilaiti hazipiti kwenye bati." Mimi nilikuwa tayari nimeshaviua viwili, na kilichokuwa na kosa ni paa.

Nimekaa nikihesabu vitu nilivyovitangazia kifo kwa haraka hiyohiyo. Redio ya baba yako, cherehani, mbuzi mmoja, na watu pia. Mimi nina ulimi mwepesi, mwanangu, na wewe umeurithi ingawa unauficha kwa upole.

Halafu likaja la nyumba yetu kuhamia ziwani. Hilo nilikuwaga nawasimulia akina mama wa mwaloni mpaka wakanichoka. Kidude kimetoka nje, kimeshika setilaiti, kimetuma namba zake, wewe umeziweka kwenye ramani ya simu, na mtaa wetu wote wa Mwisenge, na sisi ndani yake, tuko katikati ya maji, hakuna hata kisiwa karibu. Nikasema haya, kumbe tunaishi na sangara. Wewe hukucheka. Ulikaa na karatasi, unakokotoa, chakula kimepoa. Mwishowe ukaja kunishika mkono kama mtu aliyeona pesa njiani. Kile kitu kinaandika digrii na dakika, ukasema, na sisi tumeisoma kama namba moja yenye nukta. Nikakuambia sijaelewa. Ukasema, "Mama, saa moja na dakika thelathini ni saa moja na nusu. Siyo moja nukta thelathini. Na hapa ni hivyohivyo. Dakika zinagawanywa kwa sitini." Ukagawanya, ukaandika upya, na nyumba ikatoka majini ikarudi Mwisenge, karibu kabisa na choo cha jirani. Siku hiyo ndiyo nilijua huyu mtoto lazima aende shule. Sikukuambia. Nilikuambia unawe mikono ule.

La tatu ndilo linaloniuma, na sijawahi kuliongea nawe vizuri. Ulikuwa umekifungia ndani ya kikopo na kukiwekea kikadi cha kumbukumbu, kinajiandikia chenyewe mtumbwi umepita wapi na saa ngapi. Tukaenda mtaa wa Iringo kwa yule kaka wa stesheneri, ukakichomeka kwenye kompyuta yake. Ulipotoka kununua maji, mimi nikasogea kwenye kioo. Nikaona mtumbwi umetoka mwaloni saa kumi na tano na nusu, kwa maandishi yao. Nikahesabu vidole: hiyo ni saa tisa na nusu alasiri. Na Bwire alikuwa ameniambia wametoka saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia, kama wavuvi wa dagaa wote wanavyofanya. Alasiri anakwenda wapi na mtumbwi wangu? Anabeba mizigo ya nani, kwa mafuta yangu? Sikukusubiri. Nilipanda bodaboda nikakuacha Iringo na chupa yako ya maji.

Nilimkuta mwaloni anashona wavu. Nilimwita mwizi. Mbele ya wanawake waliokuwa wanaanika dagaa, mbele ya vijana wake, nikamwambia kikopo kimemtaja. Hakusimama. Alisema tu, "Shemeji, alasiri mimi nilikuwa nimelala kwangu. Mimi na mumeo tumevua pamoja mtumbwi huuhuu. Leo unaniita mwizi kwa sababu ya kikopo?" Nikamjibu kikopo hakina ndugu. Jamani! Nikikumbuka hilo neno natamani kujifunika shuka.

Ulinikuta nyumbani bado nafoka. Ukasikiliza, ukatazama ile karatasi uliyoandika, ukashika kichwa. Saa za setilaiti ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, ukaniambia, hazijui Musoma, zinafuata saa za huko kwao, na ulikuwa umekusudia kuzirekebisha ukasahau. Kile kitu kilikuwa kimesema kweli tupu. Bwire naye alikuwa amesema kweli. Mwenye uongo pale mwaloni alikuwa mmoja tu, na alikuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Uliniambia niende kwake jioni nikazungumze naye taratibu. Nilikataa, na nadhani ulifikiri ni kiburi. Hapana. Kule kwake angenisikia mkewe peke yake. Kesho yake asubuhi nilirudi mwaloni wakati wanawake wote wapo na dagaa wao, nikasimama palepale, nikasema nimemsingizia Bwire, nilisoma saa vibaya, yeye si mwizi, mimi ndiye mjinga. Bwire aliendelea kushona wavu wake mpaka nikadhani ataniacha pale kama kigogo. Halafu akasema, "Basi shemeji. Ila mwambie mtoto akifundishe hicho kikopo saa za kwetu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Kuanzia hapo ndipo nikakuomba unifundishe. Uliona ajabu. Ulidhani nataka kujifunza umeme uzeeni, na mimi nilitaka tu nisije nikamtukana mtu mwingine kwa kitu nisichokijua. Ukanifundisha kila Jumapili baada ya kanisa. Mita ya kupimia, chuma cha kuchomelea, risasi inayoyeyuka. Uliniunguza kidole, nikakuunguza na wewe. Ukanifundisha mahali pa kuanzia kikigoma: kwanza mbingu, kama kiko mahali peupe, halafu betri, kama kinakula, halafu waya, kama zinapitisha. Na ukanipa tofauti ya yale maneno mawili uliyoyaandika kwa Kiswahili makusudi kwa ajili yangu. Kikijibu "Natafuta", maana yake kipokezi kinaongea ila hakijapata setilaiti. Kikijibu "Simsikii", maana yake bodi inamuita kipokezi na kipokezi hakijibu.

Sasa nije leo.

Ulipoondoka na bodaboda kwenda stendi, niliosha mikono nikakaa nacho. Nikatuma "uko wapi". Kikajibu: "Simsikii." Sawasawa na ulivyosema jana. Kipokezi kimekufa, hakijibu. Ningeweza kuishia hapo, mimi ndiye mwanamke anayeua vitu haraka. Lakini niliona vibaya kumzika mtu bila kumshika mshipa.

Nikakitoa nje uani, kigae kikiangalia juu, nikakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikaendelea na kuchambua mchele. Baada ya muda nikainua macho, na ile taa ndogo ya kwenye kipokezi inapiga. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nikaweka ungo chini. Hiyo taa, ulinifundisha mwenyewe, haipigi mpaka kipokezi kimeshika setilaiti. Maiti gani hii inayokonyeza?

Nikasema, haya, kipokezi ni kizima, kinajua kilipo, na kinasema. Bodi nayo ni nzima, inajibu meseji. Basi tatizo liko njiani, kati ya huyu anayesema na huyu asiyesikia. Nikachukua mita. Waya mwekundu, mita ikalia, unapitisha. Mweusi unapitisha. Kijani sawa. Nikaja kwenye wa njano, huo unaobeba maneno ya kipokezi kuyapeleka kwenye bodi. Mita kimya. Nikagusa tena, kimya. Nikafurahi kama mtoto, nikajisifu kwa sauti, jirani akauliza kulikoni.

Halafu nikaona utepe. Ule utepe mweusi wa umeme uliozungushiwa kwenye waya wa njano. Tepe nyingine zote mle ndani zimekwisha rangi, zina mafuta ya dagaa na moshi. Huu unang'aa. Nikauondoa taratibu. Wegesa, mimi nimeshona nyavu tangu nimeolewa. Kamba iliyokatika yenyewe naijua, nyuzi zinachakaa, moja fupi, moja ndefu, zimefumuka. Huu waya ulikuwa umekatika sawasawa, umenyooka kama kucha iliyokatwa. Na mwisho wa upande wa pili hivyohivyo. Halafu mtu ameuzungushia utepe vizuri, kwa upole, kama anafunga kidonda.

Nilikaa chini palepale uani.

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kukufuata Butiama nikuvute sikio mbele ya bibi yako. Nikavaa hata viatu. Halafu nikakumbuka kwamba hizi ni siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imepumzika, hakuna mtu ziwani mpaka giza lirudi. Ulisubiri mbalamwezi. Hata ukiharibu, ulihakikisha hakuna mtoto wa mtu atakayepotea kwa ajili yako. Hapo hasira ikaniishia, nikavua viatu. Nikacheka pia, nikuambie ukweli, maana umenifundisha vizuri mno mpaka umejikamatisha mwenyewe.

Na halafu likaja wazo, nalo nalisema kwa sababu nimechoka kulikaa nalo peke yangu. Niliwaza: nikiurudishia utepe huu kama ulivyokuwa, nikanyamaza, atabaki. Atakuwa hapa kesho mchana. Tutakula sato wa kuchoma, atanisaidia mahesabu ya mafuta, nitasikia mtu anakohoa chumba cha pili. Nani angejua? Niliushika ule utepe kwa vidole viwili. Mwanangu, nilitaka. Usidhani kwamba kukuambia nenda kunanijia kirahisi.

Sasa nikuambie kilichonifanya niuweke chini.

Wewe unajua kwamba mimi niliwahi kuchaguliwa chuo cha uuguzi, na kwamba sikwenda kwa sababu bibi yako alikuwa mgonjwa. Ndivyo nilivyokusimulia. Ndivyo nilivyomsimulia kila mtu. Ni kweli bibi yako aliteguka mguu shambani, kwenye mihogo, wiki ya kuondoka kwangu. Nikasema siwezi kumwacha mama. Watu wakanisifu sana, kanisani nikatajwa. Mguu ulipona kabla mvua hazijaisha, akarudi shambani anatembea kuliko mimi. Sikwenda. Mwaka uliofuata nikapata sababu nyingine, halafu baba yako akaja, na yeye namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili yako zaidi. Sijutii hata kidogo maisha yaliyonipa wewe.

Lakini ukweli wake ni kwamba niliogopa. Sikuwahi kulala nje ya Butiama. Nilisikia kwamba chuoni wasichana wa mjini wanacheka lafudhi zetu, na kwamba wanafunzi wanapelekwa chumba cha maiti. Na badala ya kusema naogopa, nikasema mama anaumwa.

Unajua nani alilipa? Miaka na miaka, kwenye misiba, kwenye harusi, watu wa ukoo walikuwaga wanamteta bibi yako. Yule ndiye aliyemzuia binti yake. Binti angekuwa nesi leo, yeye kamfunga kwenye mguu wake mbovu. Nami nilisikia, na nikanyamaza, kwa sababu maneno hayo yalinipendeza mimi. Siku moja tunamenya mihogo, wewe ulikuwa unatambaa, bibi yako akaniambia bila kuinua macho, "Mimi sikukwambia ubaki. Nilikuwa nimekufulia nguo za safari. Lakini watu wakisema nilikuzuia nanyamaza, maana nikisema kweli utaaibika wewe." Akaendelea kumenya. Hajawahi kulirudia mpaka leo.

Nilimwomba radhi, lakini nimechelewa, watu waliokuwa wakimsema wengi wameshakufa na maneno yao. Ndiyo maana kila mwezi nakwenda Butiama hata kama sina cha kupeleka. Wewe ulidhani nampenda sana mama yangu. Nampenda, ndiyo. Na namlipa.

Sasa ukibaki hapa kwa sababu ya mtumbwi, kwa sababu ya Bwire, kwa sababu ya mama mjane asiyejua kutengeneza kikopo, watu watakusifu. Nawajua, watakusifu sana. Halafu mwaka utapita, na mwingine, na siku moja watanitazama mimi kama walivyomtazama bibi yako. Mimi sina moyo wa bibi yako. Mimi nitasema. Nitawaambia alikata waya mwenyewe, nami nitakuwa nimekupoteza hapohapo ukiwa nyumbani kwangu.

Kuogopa si aibu, Wegesa. Dodoma ni mbali, hakuna ziwa, hujui mtu. Umeme wa chuoni si huu wetu wa kuungaunga, na labda unadhani watagundua kwamba ulijifunza kwenye simu na kwa Fundi Hamza. Pengine kuna jingine ambalo mimi siwezi kulijua. Ungeniambia. Ungekuja jikoni ukasema, "Mama, naogopa," ningekutukana kidogo, maana ndivyo nilivyo, halafu ningekufanyia uji tukakaa.

Nimeuunga ule waya. Nimewasha chuma, nikamenya ncha zote mbili, nikazisokota, nikachomelea risasi mwenyewe bila mtu wa kunishikia. Ni ubaya mtupu, limekaa donge kama ugali wa mtoto anayejifunza kusonga, utacheka ukiliona. Nikatuma "uko wapi". Kikajibu digrii na dakika, nikagawanya kwa sitini kwenye karatasi, na nimekuta niko hapahapa Mwisenge. Giza la mwezi likirudi Bwire atakichukua, na kikigoma nitakifungua tena. Nikishindwa nitakupigia simu, utanielekeza kwa hasira kama kawaida yako.

Kwa hiyo ukirudi jioni hii utakuta kidude kizima mezani na barua hii chini yake. Sitakuuliza kitu. Tutakula, nitakusuka nywele. Na kama alfajiri ukiamka na bado hutaki kwenda, mimi si mtu wa kumsukumia mtoto ndani ya basi. Utabaki. Ila utasimama mbele yangu, unitazame, useme kwa mdomo wako, "Mama, mimi sitaki." Usiseme mtumbwi. Usiseme baba mdogo Bwire. Na jina langu usilitaje kabisa hapo, kwa sababu mimi hukunisikia hata mara moja nikikuomba ubaki.

Mimi nataka uende. Nitalia basi likikata kona, nitalia mpaka watu wa stendi waniulize nani amekufa, na bado nataka uende.

Mama yako